Dawa za Kuchelewesha Kumwaga: Mwongozo Kamili wa Kuzitumia kwa Usalama

Mwanamume anayekuja duka la dawa kwa jambo hili humtambui kwa anachosema, humtambua kwa anavyosubiri. Anasoma maboksi ya dawa za kikohozi kana kwamba kesho ana mtihani. Anawapisha wawili, watatu, mpaka kaunta ibaki tupu. Ndipo anainama na kuuliza kwa sauti ya chini: "Dokta, huna kitu cha kuchelewesha?"

Mwongozo huu ni wake. Tatizo la kumwaga mapema linatibika, na dawa zenye ushahidi zipo. Lakini si pipi. Nyingi zinagusa ubongo, mapigo ya moyo na presha kwa wakati mmoja, ndiyo maana zinatolewa kwa cheti cha daktari. Kwa nilivyoona, wengi wanaopata madhara makubwa huyapata kwa sababu ya neno moja ambalo hawakulisema kabla ya kumeza: kwamba waliwahi kuzirai, kwamba wanatumia dawa nyingine, kwamba usiku ule walikuwa wamekunywa. Aibu ndiyo iliyowafunga midomo. Kwa hiyo sehemu ndefu ya mwongozo huu inahusu maneno ya kusema, kabla hatujafika kwenye vidonge.

Tahadhari moja kuhusu majina: hapa nimeyaandika kama tunavyoyatamka kwa Kiswahili. Kwenye boksi tahajia itatofautiana kidogo, basi mwonyeshe mfamasia boksi lenyewe.

Hatua ya 1: Hakikisha kweli una tatizo hilo

Wengi wanaotafuta dawa hawaihitaji. Katika utafiti mmoja uliochapishwa mwaka 2005, wapenzi wapatao 500 katika nchi tano walipima kwa saa muda wa tangu kuingiza hadi kumwaga. Muda wa katikati, yaani nusu wako chini yake na nusu juu yake, ulikuwa dakika 5.4. Mfupi kabisa ulikuwa kama nusu dakika, na mrefu kabisa ulizidi dakika 40. Anayemaliza kwa dakika sita na kujiona mgonjwa kwa sababu ya video alizotazama hana ugonjwa. Ana kipimo kibaya mkononi.

Madaktari wa afya ya ngono, kwa tafsiri iliyokubaliwa kimataifa mwaka 2014, huangalia mambo matatu kwa pamoja. La kwanza ni muda: kwa aliyeanza na tatizo hili tangu mara yake ya kwanza, ni kumwaga ndani ya takriban dakika 1, kila mara au karibu kila mara. Kwa ambaye zamani alikuwa sawa halafu hali ikabadilika, ni muda kushuka sana, mara nyingi hadi dakika 3 au chini. La pili ni kushindwa kujizuia. La tatu ni kwamba jambo hilo linamuumiza: linamletea huzuni, hasira, au anaanza kumkwepa mwenza wake.

Huyu wa kundi la baadaye asikimbilie kidonge kabisa. Kitu kimebadilika mwilini au maishani mwake, na kinaweza kutafutwa. Tezi ya shingo inayofanya kazi kupita kiasi inaweza kusababisha, na ikitibiwa hali hurudi. Uvimbe au maambukizi ya tezi dume yanaweza pia. Kuacha ghafla dawa kali za maumivu za jamii ya afyuni nako kunaweza.

Halafu kuna kisa ambacho ndicho kinachojificha zaidi. Uume wake unaanza kulegea katikati ya tendo, basi amejizoesha kuharakisha amalize kabla haujalala. Kwa daktari anasema "ninawahi", kumbe tatizo la msingi ni nguvu za kiume. Huyu hutibiwa nguvu kwanza, na kuwahi mara nyingi hupungua kwenyewe. Akipewa dawa ya kuchelewesha peke yake anaweza kuharibikiwa zaidi, kwa sababu baadhi ya dawa hizo hupunguza nguvu hiyo hiyo.

Hatua ya 2: Andika orodha kabla ya kwenda kwa daktari

Usitegemee kichwa. Ukikaa mbele ya daktari na aibu imekushika koo, utasahau nusu. Andika kwenye karatasi au kwenye simu, na kama ulimi ni mzito, mpe tu asome. Hakuna daktari atakayeshangaa, haya ni malalamiko ya kila siku.

Anza na moyo. Je, umewahi kuambiwa moyo wako una shida: umepanuka, valvu haifungi, mapigo hayako sawa, mishipa imeziba? Na je, umewahi kuzirai, hata mara moja, hata ukiwa mwanafunzi kwenye foleni ya asubuhi? Swali hilo la mwisho watu hulipuuza, nalo ndilo linaloamua kama dapoksetini, kidonge cha kumeza kabla ya tendo, inakufaa au la. Aliyewahi kuzirai hapewi. Daktari makini atakupima presha ukiwa umelala, kisha atakuambia usimame na kukupima tena. Ikishuka sana, jibu limepatikana. Asipofanya hivyo, mwombe afanye.

Kisha akili. Kama umewahi kuwa na sonona nzito, mawazo ya kujiua, au vipindi vya kuchangamka kupita kiasi ukakosa usingizi na kutumia pesa ovyo, sema. Dawa nyingi za kundi hili zilizaliwa kama dawa za sonona, na kwa mwenye historia hiyo zinaweza kuamsha kilicholala. Sema pia ini na figo zako zikoje, kama una kifafa, na kama unatokwa damu kirahisi.

Sasa dawa nyingine, hapa uwe mkali kwako mwenyewe. Andika kila kinachoingia kinywani:

– Dawa za sonona, za wasiwasi, za kipandauso, za usingizi, na litiamu.
– Tramadoli na dawa kali za maumivu, hata kama ulizipata kwa rafiki.
– Dawa za kufubaza virusi vya UKIMWI. Zile zenye ritonaviri, au kiambata kingine cha kuziongezea nguvu kama hicho, hupandisha dapoksetini kwenye damu hadi kiwango cha hatari. Hazichanganywi.
– Dawa za fangasi. Ketokonazoli na itrakonazoli za kumeza hazichanganywi kabisa na dapoksetini, na ukiwa kwenye flukonazoli usivuke miligramu 30 za dapoksetini. Sheria hiyo ya miligramu 30 inahusu pia antibayotiki za erithromaisini na klarithromaisini.
– Aspirini, ibuprofeni na dawa za kuyeyusha damu, kwa kuwa dawa za sonona huongeza uwezekano wa kutokwa damu.
– Vidonge vya nguvu za kiume, dawa za presha, dawa za tezi dume.
– Dawa za asili na virutubisho, na pombe kiasi gani kwa wiki. Bangi na vingine pia. Daktari si polisi.

Kama mnatafuta mtoto, liseme. Dawa za sonona za kila siku zinaweza kushusha ubora wa mbegu wakati unazitumia, na daktari anaweza kuchagua njia nyingine.

Hatua ya 3: Jua unachopewa

*Dapoksetini, kidonge cha kabla ya tendo.* Hii ndiyo dawa ya kumeza iliyotengenezwa mahususi kwa tatizo hili. Sweden na Finland ndizo zilizoanza kuiidhinisha, mwaka 2009, na nchi nyingi zikafuata. Marekani haijaiidhinisha, kwa hiyo ulizia hali ilivyo mahali ulipo. Ni ya wanaume wa miaka 18 hadi 64. Huanza na miligramu 30, ukimeza kizima kwa glasi nzima ya maji, saa 1 hadi 3 kabla ya tendo. Ni kidonge kimoja tu ndani ya saa 24. Kama miligramu 30 hazikutosha na hazikukuletea kizunguzungu wala dalili za kutaka kuzirai, daktari anaweza kupandisha hadi 60. Usijipandishie mwenyewe.

Utegemee nini? Katika majaribio makubwa, wanaume walioanza na chini ya dakika 1 walifika karibu dakika 3. Waliopewa kidonge kisicho na dawa ndani yake walifika karibu dakika 2. Ni msaada wa kweli, hasa ukiongezea ile hali ya kujiona unamudu. Lakini anayekuahidi nusu saa anakuuzia hewa.

*Dawa za sonona za kila siku.* Paroksetini, setralini, floksetini, sitalopramu na klomipramini hutolewa kwa dozi ndogo kila siku. Kwenye boksi hutaona kumwaga mapema pameandikwa kama sababu ya matumizi. Madaktari huzitumia kwa kujua kwamba kuchelewesha kilele ni mojawapo ya madhara yake, na hapa dhara limegeuzwa kuwa tiba. Ukisoma karatasi ya maelezo ukakuta "sonona" usidhani daktari amekuona kichaa. Paroksetini ndiyo huchelewesha zaidi kati yake. Mabadiliko huanza kuonekana ndani ya wiki moja au mbili na hukomaa baada ya wiki mbili hadi tatu, kwa hiyo anayemeza siku mbili na kusema haifanyi kazi hajaipa nafasi. Zinaweza kupunguza hamu na nguvu, kuleta uchovu, miayo, kichefuchefu na jasho. Kwa vijana wa chini ya miaka 25 hasa, wiki za mwanzo zichungwe: mawazo ya kujiumiza yakijitokeza, ni kurudi kwa daktari siku hiyo hiyo.

*Dawa za ganzi za kupaka au kupuliza.* Hizi huwa na lidokaini, mara nyingi pamoja na prilokaini. Kwa mwenye ugonjwa wa moyo au anayemeza dawa nyingi, mimi naona hapa ndipo pa kuanzia mazungumzo na daktari, kwa sababu dawa inayoingia kwenye damu ni kidogo sana. Krimu hupakwa kichwani mwa uume kama dakika 20 hadi 30 kabla, kisha hufutwa au kuoshwa vizuri. Ile ya kupuliza iliyoidhinishwa Ulaya hupulizwa mara 3 na kusubiriwa dakika 5, halafu hufutwa. Usipoifuta, mwenza wako ndiye atakayekufa ganzi, na usiku huo hautakuwa na maana kwake. Ukizidisha, wewe mwenyewe hutasikia kitu na uume utalala. Usipake penye kidonda au mchubuko. Mwenza akiwa mjamzito, kondomu ni lazima au dawa iachwe. Soma karatasi ya maelezo kuhusu kondomu, maana si kila aina inapatana na kila dawa ya ganzi.

Na mtu mwenye upungufu wa kimeng'enya cha G6PD aiepuke prilokaini mpaka daktari aseme. Inaweza kuifanya damu ishindwe kubeba oksijeni ipasavyo, na dalili yake ni midomo na kucha kugeuka rangi ya bluu au kijivu.

*Sildenafili na tadalafili* ni za nguvu, si za kuchelewesha. Zinaingia hapa pale tu matatizo yote mawili yapo. Haziruhusiwi kamwe kwa anayetumia naitreti za maumivu ya kifua, zile za kuweka chini ya ulimi na za aina hiyo. Kuzichanganya na dapoksetini kunaweza kuangusha presha, kwa hiyo usizikutanishe kwa uamuzi wako.

*Tramadoli*, niseme wazi: usiitumie kwa jambo hili. Najua inasifiwa vijiweni, na kweli huchelewesha. Inaleta uraibu, inaweza kusababisha degedege, ukizidisha husimamisha pumzi, na ikikutana na dawa za sonona inaweza kuleta sumu ya serotonini, yaani kemikali hiyo ya ubongo kuzidi mwilini. Nimewaona vijana walioianza kwa ajili ya kitanda wakaishia kuihitaji ili waamke asubuhi.

Hatua ya 4: Usiku wa kwanza

Tuseme umepewa dapoksetini. Chagua siku ambayo hutaendesha gari, pikipiki wala mashine baadaye. Pombe acha kabisa siku hiyo, hata bia moja "ya kutoa aibu", maana pombe na dawa hii kwa pamoja huongeza kusinzia na kuzirai. Usinywe juisi ya balungi ndani ya saa 24 kabla, kwa sababu huongeza dawa kwenye damu. Maji kunywa ya kutosha mchana kutwa: mwili uliokauka ndio unaoanguka.

Meza ukiwa umekaa, glasi nzima, usitafune wala kuvunja kidonge, kina ladha kali chungu. Angalia saa. Nguvu yake hufika kilele kati ya saa moja na mbili hivi baada ya kumeza.

Sasa fikiria saa nane za usiku. Mmemaliza, umelala, mkojo unakubana. Unaruka kutoka kitandani kama ulivyozoea, na hapo hapo chumba kinazunguka, masikio yanavuma, jasho jembamba linakutoka. Presha imeshindwa kukufuata ulivyoinuka. Wengine huangukia kwenye kona ya meza. Kwa hiyo: kaa kwanza ukingoni mwa kitanda, miguu chini, hesabu hadi thelathini, kisha simama ukiwa umeshika kitu. Dalili zikianza, usijikaze kiume kuelekea mlangoni. Lala hapo hapo sakafuni, inua miguu juu ya kitanda, au kaa uweke kichwa katikati ya magoti mpaka ipite.

Mwambie mwenza wako umemeza nini. Najua wengi hawataki. Lakini ukianguka, yeye ndiye atakayeulizwa hospitali, na jibu la "sijui" linapoteza muda.

Kichefuchefu, kichwa kuuma, tumbo kuharisha kidogo na kizunguzungu chepesi ndiyo maudhi ya kawaida, na kwa wengi hupungua kadiri siku zinavyokwenda. Kama siku hiyo dawa haikufanya kitu, usiongeze cha pili.

Hatua ya 5: Dalili za kukimbilia hospitali

Kuzirai kabisa. Maumivu ya kifua au moyo kwenda mbio usiotulia. Degedege. Uume kusimama zaidi ya saa 4 bila kulala, hata kama hauumi sana: ukichelewa unaweza kuharibika moja kwa moja. Mawazo ya kujiua. Midomo ya bluu baada ya kupaka ganzi.

Na sumu ya serotonini, ambayo watu huidhania malaria au ulevi: mwili kutetemeka na kushtukashtuka, jasho jingi, joto kupanda, kuharisha, misuli kukakamaa, kuchanganyikiwa. Hutokea zaidi dawa mbili za kundi hili zikikutana. Ndiyo maana aliyekuwa kwenye dawa za sonona husubiri siku 14 baada ya kuziacha kabla ya kuanza dapoksetini, na hata kuziacha huko ni kwa mpango wa daktari. Beba maboksi yote unapokwenda hospitali.

Hatua ya 6: Nunua dawa, usinunue hadithi

Nunua kwa mfamasia aliyesajiliwa, kwa cheti chako. Kidonge kilichotolewa kwenye pakiti yake na kufungwa kwenye gazeti hukijui. Dawa za nguvu na za kuchelewesha ni kati ya zinazoghushiwa sana duniani, na mamlaka za dawa zimekuta mara nyingi "mitishamba asilia" iliyotiwa sildenafili kimyakimya. Mwenye naitreti mfukoni akinywa unga huo akidhani ni mizizi tu, anaweza kufa. Angalia tarehe ya mwisho, namba ya toleo, na kama kipande cha alumini kimefungwa vizuri.

Usigawe vyako. Rafiki yako ana moyo wake na dawa zake, na huenda aliwahi kuzirai asikuambie.

Hatua ya 7: Rudi kwa daktari, na jifunze kuacha

Kwa dapoksetini, rudi baada ya wiki 4 au baada ya kutumia mara 6. Hapo mnapima pamoja: imesaidia kiasi gani, imeudhi kiasi gani, iendelee au isiendelee. Ukiendelea, mkutane tena angalau kila miezi 6. Wanaume wengi huiacha njiani, kwa gharama, kwa maudhi, au kwa kuchoka kupanga mapenzi kwa saa. Ukiwa mmoja wao, rudi useme hivyo ubadilishiwe, usipotee.

Wakati dawa inakupa nafasi, itumie kujifunza. Zoezi la kusimama ukikaribia kilele na kuanza tena baada ya msisimko kushuka lilielezwa na daktari James Semans mwaka 1956, na bado linafundishwa. Fanya peke yako kwanza, kisha na mwenza. Kukaza na kulegeza misuli ya nyonga, ile unayoitumia kukata mkojo, kunasaidia baadhi ya watu. Mshauri wa mahusiano husaidia pale kuwahi kumeshikana na ugomvi au hofu. Dawa pamoja na mafunzo haya huwa na matokeo mazuri kuliko dawa peke yake.

Dapoksetini unaweza kuiacha siku yoyote kwa kuwa huimezi kila siku. Dawa za sonona za kila siku usizikate ghafla, hasa paroksetini: watu hupata kizunguzungu, hasira za haraka, ndoto mbaya, na mshtuko kama wa umeme unaopita kichwani. Daktari atakupunguzia dozi kidogo kidogo kwa wiki kadhaa. Dalili hizo zikitokea katikati ya kupunguza, mpigie umweleze, na mara nyingi atakurudisha kwenye dozi ya wiki iliyopita mwende polepole zaidi.